Uso wa Katekista Bartolomeo

Miaka minane sikumsalimia Mwigulu, mwenyekiti wa kigango chetu cha kanisa. Tukikutana njiani napita. Akisema kamwene, salamu yetu, naangalia mahindi ya watu. Padre alinisema, wanangu walinisema, wanawake wa jumuiya wakanisema mpaka wakachoka wenyewe. Mimi sikuchoka.

Mwigulu ndiye aliyeongoza kile kikao. Walimuondoa mdogo wangu Bartolomeo kwenye ukatekista akiwa amekaa pale pale mbele yao, kichwa kimefungwa bandeji kuanzia kidevuni mpaka utosini, hawezi kutoa hata neno moja la kujitetea. Kwenye daftari la vikao wakaandika: ameondolewa kwa ulevi. Watu kumi na wawili walinyoosha mikono. Nawajua wote kwa majina, na waliokwisha kufa nawajua pia.

Bartolomeo mimi nimemlea. Mama yetu alikufa yeye hajaota meno, nami nikaacha shule darasa la pili ili nimbebe mgongoni. Yeye akasoma mpaka la saba. Mapadre wakampenda, wakampeleka Tosamaganga kwenye kozi ya ukatekista, akarudi kijijini kwetu huku juu ya Kilolo na vitabu viwili na shati jeupe moja. Alifundisha watoto wa ubatizo zaidi ya miaka ishirini. Padre kwetu anafika mara moja kwa mwezi, barabara ikikubali. Siku nyingine zote padre wetu alikuwa Bartolomeo: alisomea wagonjwa, alizika wafu, alipatanisha wenye ugomvi wa mipaka. Sauti yake ilikuwa kubwa. Akianza kusoma somo kanisani, aliyekuwa analima ng'ambo ya korongo aliacha jembe akasikiliza. Alioa mara moja, mke wake Marta akafa na mimba ya kwanza, hakuoa tena.

Na pombe hakunywa. Baba yetu alikufa kando ya njia msimu wa baridi, amelala na ulanzi tumboni, asubuhi tukamkuta mkavu kama kuni. Bartolomeo alikuwa na miaka kumi na mitano. Siku hiyo akaapa.

Mimi sikuapa kitu. Mimi niliuza ulanzi, nikamsomeshea huo huo. Asiyeujua nimwambie, ni pombe ya mianzi yetu. Ukigemwa leo unaitwa mtogwa, mtamu, hata mtoto anakunywa. Ukilala siku mbili tatu unakuwa mkangafu, na mkangafu unaangusha wanaume. Bartolomeo alikuwa anapita kilabuni kwangu Jumamosi kuwakumbusha wateja ibada ya kesho. Wanamwambia, katekista, karibu kikombe kimoja tu usituaibishe. Anawajibu, nikinywa na mimi, nyie mtazikwa na nani? Wanacheka wote, na wengine kweli kesho yake wanakuja kanisani, wanasinzia kiti cha nyuma.

Sasa ilikuwa mwaka 2016, mwezi wa tatu, mvua inanyesha, mianzi inatoa kweli kweli. Asubuhi jua halijapanda vizuri, naona Mwigulu na mtu wake mmoja wanakuja na machela ya miti. Juu yake amelala Bartolomeo. Mwigulu akaniambia:

"Mama Yunisi, ndugu yako tumemkuta mtaroni kule barabarani. Nafikiri alilewa."

Nikamwangalia mdogo wangu sikumjua. Uso ulikuwa umerefuka, halafu katikati umebonyea, umelala kama sinia. Macho yamefumba. Damu inatoka puani, mdomoni, inaingia masikioni. Nikataka kumwosha. Bomba la kijiji lilikuwa limepasuka wiki ile, na maji ya korongoni yalikuwa tope tupu. Nikawaza, zahanati wanaosha vidonda kwa spiriti, na mkangafu si una ukali huo huo? Nilikuwa na dumu la mkangafu wa siku tatu. Nikamwaga jagi zima usoni kwake, nikamfuta, nikamwaga tena. Ulimwingia kwenye nywele, kwenye shati, kila mahali.

Hayo nilifanya mimi kwa mkono wangu.

Tulipomfikisha zahanati, tabibu alianza kunusa kabla hajaangalia. Akabonyeza pua, akasema imevunjika, akaijaza pamba, akashona mdomo, akafunga bandeji. Mengine hakutafuta. Kwenye kadi akaandika: ulevi, ameanguka. Nikamwambia, daktari, hiyo harufu ni mimi nimemwosha nayo, huyu ni katekista, hanywi. Akanicheka bila hata kuinua kichwa. Akasema, mama, msimu wa ulanzi wote wanaoletwa hapa wameoshwa.

Hivyo hivyo nilisema kwenye kikao. Mwigulu akageukia wenzake akasema, mmesikia, muuza ulanzi anamtetea mnywaji. Wakacheka. Wengine wao walikuwa na madeni kilabuni kwangu.

Zikapita wiki sita Bartolomeo akaweza kusema. Nikangoja awaeleze mwenyewe. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa na njaa ya kuelezwa. Alikumbuka ameamka alfajiri, amesali, amechukua futi kamba aende kwa Mwigulu kupima mbao za mabenchi mapya ya kanisa. Mwigulu alikuwa anachana mbao msituni, ana ile mashine ya msumeno tunayoiita dingdong. Baada ya hapo giza. Hakumbuki mashine, hakumbuki njia, hakumbuki mtaro. Alinikalia pale jikoni akaniuliza, kwa ile sauti yake mpya iliyokuwa inapitia puani:

"Dada, labda nilikunywa?"

Nikamwambia asinitukanie nyumba. Lakini nikajua ameshaanza kuamini. Mtu akiambiwa na kijiji kizima, na kadi ya zahanati inasema hivyo, na yeye mwenyewe hana siku hiyo kichwani, atashika nini? Mwezi ule padre alipokuja, Bartolomeo alikwenda kuungama. Kwenye kiti cha kitubio sikuwepo, ila aliniambia mwenyewe baadaye. Aliungama ulevi. Akapewa malipizi, akayatimiza, siku tisa amepiga magoti kwenye sakafu ya udongo na huo uso wake.

Na uso haukupona. Uvimbe ulikwisha, umbo halikurudi. Meno ya juu na ya chini hayakukutana tena, akiyabana mbele panabaki upenyo unapitisha kidole. Ugali anausaga kwa ulimi. Nyama ndio aliiaga. Jicho la kushoto lilishuka kidogo kuliko mwenzake. Watoto aliowafundisha sala, hao hao wakawa wanamuigiza anavyoongea. Akasema ataenda Mbeya kwa mwanangu Yunisi, aliyeolewa huko mtaa wa Mwanjelwa. Sikumzuia. Ningemzuia kwa lipi?

Mbeya alijifunza kushona viatu. Alipata nafasi kwenye baraza ya duka la vitambaa la mhindi mmoja, Kartik, mtu mwema, hakumdai kitu cha mahali pale. Yunisi aliniambia mjomba amechagua kazi hiyo kwa sababu mteja wa viatu anaangalia kiatu chake. Mwaka wa korona watu walipoanza kuvaa barakoa, Bartolomeo alinipigia simu amechangamka, sijamsikia hivyo tangu aumie. Akasema, dada, siku hizi huku mjini nafanana na watu. Korona ikaisha, barakoa yeye hakuivua.

Kitu kingine kilikuwa maji. Akiinama kushona, maji meupe kabisa yanamtoka pua ya kushoto, tone tone, yanaangukia kwenye kiatu cha mtu. Alikuwa na kitambaa chake cha kufutia. Wote tukasema ni mafua ya baridi ya Mbeya. Miaka minane tumesema ni mafua.

Mwaka juzi, mwezi wa tatu, Yunisi akanipigia. Mjomba ana homa, shingo imekuwa ngumu haigeuki, anatapika, anaongea maneno hayana kichwa. Wamempeleka hospitali kubwa ya pale Mbeya. Nikapanda basi asubuhi Iringa, nimefika jioni wameshamlaza, wameshamtia dawa za mshipa, homa imeanza kushuka. Wakasema kuna maambukizo kwenye utando wa ubongo, wanatafuta yamepita wapi. Kesho yake wakamwingiza kwenye sitiskani, ile mashine ya duara unayolala wanakusukuma kichwa ndani, inapiga picha vipande vipande kama mtu anakata mkate.

Aliyesoma zile picha ni binti, daktari Yudith. Mdogo, ningeweza kumzaa mama yake. Akatuita mimi na Yunisi kwenye chumba chake, akatuonyesha kwenye kompyuta. Nilifikiri nitaona kitu cheusi cheupe nisichokielewa. Nikaona fuvu la mdogo wangu. Zima, mifupa mitupu, linazunguka polepole, likageuka mpaka likanitazama. Nikashika meza.

Yule binti akaniuliza, bibi, huyu alipata ajali gani? Nikamwambia kama nilivyoambiwa: alianguka mtaroni. Sikumwambia ulevi, huo sikuwahi kuubeba mdomoni mwangu. Akarudisha picha nyuma, akazungusha tena, akamwita mkubwa wake, wakawa wanabishana kwa upole, huyu anasema ni daraja la pili, yule anasema hapana, angalia huku kwenye shavu, hili ni la tatu. Nikauliza mnagombania nini kwenye kichwa cha mtu. Yudith akavuta kiti akakaa karibu yangu, akanieleza kwa kidole usoni kwangu mwenyewe.

Akasema uso ukipigwa kwa nguvu hauvunjiki ovyo, una njia zake. Njia ya kwanza inapita hapa juu ya meno, meno yote ya juu yanabaki yanacheza. Ya pili inapanda kama paa la nyumba, inatoka kwenye magego inakwenda kukutana juu ya pua. Ya tatu ndio mbaya zaidi, inakata kwenye macho na mashavu, uso wote unaachana na kichwa. Madaktari wanatafuta kwanza ni njia ipi, kwa sababu kila moja ina matengenezo yake.

Nikamuuliza, na wa kwangu?

Akasema wa kwako anazo zote. Upande wa kulia ni ya pili, upande wa kushoto ni ya tatu, ya kwanza imepita chini yake, na paa la mdomo limepasuka katikati. Ndio maana walikuwa wanabishana, mfupa wa huyu hauingii kwenye fungu moja. Na juu ya pua kuna tundu limebaki wazi mpaka kwenye ubongo. Yale maji hayakuwa mafua. Yalikuwa maji ya ubongo, na uchafu ulipita hapo hapo kuingia.

Miaka minane alikuwa anayafuta kwa kitambaa.

Halafu akasema jambo ambalo sikumuuliza. Alisema mtu mlevi akianguka kwa miguu yake anavunja pua, anavunja shavu moja, mara nyingi anavunja taya la chini. Huyu taya la chini ni zima, halina hata ufa. Kilichompiga kilikuja kutoka mbele, kimenyooka, kwa nguvu ya gari au ya mashine. Akaleta picha nyingine, akanionyesha pango lililo ndani ya mfupa wa shavu. Palikuwa na kivuli kirefu kama kipande cha kalamu. Akasema kwanza alidhani ni hewa.

"Lakini hewa haina pembe, bibi. Hiki kina pembe nne. Kuna kitu kimo ndani ya huyu mtu."

Walimpasua siku ya nne kupitia kwenye fizi. Yudith akaniletea ndani ya kichupa. Kipande cha mti wa paina, urefu wa kidole cha mwisho, cheusi kwa kukaa. Ila pande mbili zilikuwa bapa, zimenyooka, na alama za meno ya msumeno zinaonekana. Mimi nimezaliwa kwenye mbao. Mti ukivunjika wenyewe haufanani vile.

Bartolomeo alikuwa macho. Nikakaa kitandani kwake nikamweka kile kichupa kiganjani, nikamweleza yote, njia zote tatu, taya la chini lililo zima, na mkangafu niliomwagia usoni mimi. Huo sikuwahi kumweleza vizuri, nilikuwa naogopa atanichukia. Akasikiliza amefumba macho. Kisha akasema:

"Kwa hiyo sikunywa."

"Hukunywa, mdogo wangu."

"Basi niliungama uongo."

Hakukasirika. Hakumtaja Mwigulu, hakuniuliza ubao ulitoka wapi, ingawa akili yake ilikuwa timamu na alijua kama mimi ninavyojua. Alilia kidogo kwa ajili ya ile toba, eti alimdanganya Mungu bila kujua. Huyo ndiye waliyemwita mlevi.

Walitaka kuziba lile tundu akipata nguvu, na baadaye kumnyoosha uso. Nguvu haikuja. Ugonjwa ulikuwa umeshatangulia ndani. Siku ya kumi na tisa alianza kuniita mama, anafikiri mimi ni mama yetu. Nikaitika. Akafa saa nne asubuhi, Yunisi ameenda kununua uji.

Tukamrudisha nyumbani. Kwetu mtu haingii kaburini mpaka wasifu wake usomwe: alizaliwa wapi, alisoma wapi, alifanya kazi gani, aliugua nini. Kila mtu anasikia, na kitu kikishasomwa hapo ndio kimekwisha, hakuna anayekirekebisha. Mwigulu alikuja nyumbani mchana na karatasi ameshaiandika. Akawaambia wanaume wa ukoo kwamba mtumishi wa kanisa wasifu wake unasomwa na mwenyekiti. Wakakubali. Mimi nilikuwa nimekaa chini kwenye mkeka, nikanyamaza. Nilitaka asome.

Akasoma kando ya kaburi, kwa sauti nzuri, ya kuhuzunika. Akataja wazazi wetu, akataja Tosamaganga, akamtaja marehemu Marta. Kisha akafika hapa: "Mwaka 2016 alisimamishwa utumishi kutokana na udhaifu wa kibinadamu. Mwaka huu mwezi wa tatu alianza kuugua."

Nikasimama. Mwigulu akasema, Mama Yunisi, wafiwa watapewa nafasi yao. Padre akamwambia, mwache aseme.

Nilitoa picha kubwa ya sitiskani niliyopewa hospitali nikaiinua juu ionekane na jua nyuma yake. Nikawaambia yote kama yule binti alivyoniambia, kidole changu usoni kwangu. Nikawaambia na mkangafu wangu pia, nisije nikaonekana natakasa wangu nachafua wa mwenzangu. Halafu nikatoa kichupa. Mwigulu akajibu kwa utaratibu, kama anamfundisha mtoto. Akasema vijiti mtaroni ni vingi, mtu akianguka anachomwa na chochote.

Nikamuuliza, mtaroni huko vijiti vinachanwa na nani kwa msumeno?

Na hapo ndipo akainuka Prisca, mke wake, kutoka katikati ya wanawake. Prisca si msemaji. Anaimba kwaya sauti ya pili, basi. Alikuwa anaikunja ncha ya kanga yake mkononi, anaikunjua.

"Baba Peter, kaa chini," akamwambia mumewe. "Mtaro haukuwepo. Mtaro ulikuja baadaye."

Mwigulu akamwita jina lake. Hakunyamaza.

"Nilikuwa napika uji pale kwenye dingdong. Kile kikingio cha msumeno ulikuwa umekitoa, unasema kinachelewesha kazi. Ubao ukarudi nyuma ukampiga katekista, anasoma namba kwenye futi kamba yake. Nikakwambia tumpeleke Iringa mjini. Ukasema kibali cha kukata miti hatuna, watu wa maliasili watatufunga. Mkambeba mkamlaza mtaroni kule barabarani. Nilimfunika mimi kwa kanga yangu, ukaitoa isije ikajulikana."

Akakaa. Hakuna mwanamke aliyemsogelea, na mimi sikumsogelea. Miaka minane amekaa nalo anaimba.

Mwigulu akabaki amesimama peke yake na karatasi yake. Akapiga magoti kwenye udongo wa kaburi mbele yangu, mbele ya watu wote. Akasema aliogopa. Akasema harufu ya ulanzi aliikuta ikimsaidia, hakuipanga. Akaniomba msamaha kwa jina la Bwana. Padre akanitazama. Watu wote wakanitazama, wanangoja nimwinue, maana ndivyo inavyofanyika. Nilisema sijamsamehe, na sijui kama nitamsamehe, asipige magoti hapo anachafua suruali bure. Nikasema ninachotaka ni kimoja: wasifu usomwe sawasawa, na asome yeye.

Padre akatoa kalamu. Akamkatia ule mstari, akaandika mwingine kadiri Prisca alivyosema, akamrudishia. Mwigulu akasimama. Akasoma kwamba mwaka 2016 Bartolomeo alipigwa usoni na ubao kwenye mashine yangu mimi Mwigulu, akiwa kwenye kazi ya kanisa, kwamba nilidanganya, kwamba hakuwa amekunywa, kwamba jeraha hilo ndilo lililomuua.

Nikamwambia arudie, watu wa nyuma hawakusikia.

Akarudia.